Mtambo wa Kunasa Gesi Uliofunikwa Kente

Mtukufu Nana Egyir, chifu wetu mwenye kigoda cha enzi. Okyeame Baidoo, mdomo wa Nana, unayepokea maneno yangu na kuyafikisha kwake kama mila inavyotaka. Wachungaji, maimamu, mama zetu wauza samaki, wageni waalikwa na ninyi mliofuata harufu ya chakula: mimi Ebo Quainoo, Mkurugenzi wa Umeme Mkubwa wa Kanda, Mratibu Mkuu, na Mwenyekiti wa kamati inayomsimamia Mratibu Mkuu, nawasalimu! (Makofi ya wafanyakazi wake.)

Kama mjuavyo, swichi kubwa za kituo chetu zimejazwa gesi ya kuhami umeme, nayo inavuja, haina rangi wala harufu, ila ikifika angani inaipasha dunia joto mara zaidi ya elfu ishirini kuliko hewa ya ukaa, na ikipungua humo ndani swichi inajizima, mji mzima giza. ("Na samaki wangu wanaoza!" Ni Maame Araba, mwenye majokofu.) Tulia mama, nakuja kwako.

Chini ya uongozi wangu shupavu, ambao sipendi kuusifu ila leo nimelazimika, tumefanya upembuzi yakinifu, tukabuni mkakati jumuishi wa wadau, tukaketi semina elekezi kule hoteli ya ufukweni, na uvujaji umeshuka kwa asilimia tisini na tisa nukta nane. (Okyeame kwa Nana: "Anasema walikwenda kuogelea." Vicheko.) Okyeame, fikisha yote!

(Maame Araba tena: "Mpira wa kuziba kiungo cha swichi umechakaa, mafundi wanajaza gesi tu! Mmebadilisha mpira?") Maame, wewe unawaza mpira, sisi tunawaza kimfumo. Chini ya kitambaa hiki cha kente cha sherehe upo mtambo wa kisasa wa kunasa gesi. ("Funua tuuone!") Jamani! Gesi yenyewe haionekani, mnataka mtambo wake uonekane? (Okyeame anainua kente kwa fimbo yake. Chini yake ni viti vya plastiki.) Hiyo ni awamu ya kwanza!

(Kipaza sauti kinazimika. Umeme umekatika. Maame Araba anashika kichwa.)

Gesi ndani! Maendeleo nje! Basi nawashukuru wenye duka la mazishi kwa kutuazima kente na viti, mchoraji wa picha ya mtambo, ambao tutauombea fedha mwakani, na Maame Araba, ambaye samaki wake tutawala bure mchana huu, maana bila umeme wataoza tu.

("Okyeame, mfikishie Nana: majokofu nimefunga, ufunguo ninao mimi. Mheshimiwa akale mtambo wake.")

(Okyeame anafikisha yote, neno kwa neno.)

Ah. Basi, tufunge kwa sala.