Ebo Aezeka Nyumba

Mjini Akra, mwenye chumba ni mfalme na mwenye funguo ni waziri wake. Ebo hakuwa na chumba, ila funguo alikuwa nazo rundo zima, na hakuna hata mmoja uliofungua kitu.

Asubuhi hiyo pale Ashaiman, pembezoni mwa mji, alimwona mama mmoja wa kaskazini, furushi kichwani, kaikodolea macho nyumba isiyo na paa. Ebo aliijua nyumba hiyo. Kuta nzuri, vyumba vitano, na majuma mawili hajaona mtu ndani. Mwenyewe lazima yuko Ulaya. Kwa Ebo, wenye nyumba zisizokwisha wote wako Ulaya, na imani hiyo ilikuwa inamlisha.

"Mama, karibu mjini. Watafuta chumba?"

Mama akamtazama yeye, akaitazama nyumba, akarudi kwake.

"Kwani hii ya nani, mwanangu?"

"Ya marehemu mjomba. Sasa yangu." Ebo akainamisha kichwa kidogo, kwa heshima ya mjomba ambaye hakupata kuzaliwa. "Kodi ya miaka miwili, mapema. Desturi ya mji."

"Mungu amrehemu. Mimi Sanatu. Nina ndugu watatu wanakuja, kila mtu na chumba chake."

Kodi nne! Moyo wa Ebo ukaruka.

"Ila watu wetu wagumu," akaendelea mama. "Hawatoi kodi juani. Wakiona paa, watatoa papo hapo. Wasipoliona, yuko mwenye nyumba mwingine ng'ambo ya mtaro."

Hapa usimcheke Ebo upesi. Bingwa huyu wa kupangisha watu alikuwa analala kwenye benchi la kinyozi, miguu nje. Tangu atoke kwao Saltpond alikuwa anadunduliza jasho la wenzake, ili siku moja alipe miaka miwili yake, afunge mlango kwa ndani, avue suruali bila mtaa kushuhudia. Akiba ilikuwa imetimia juzi tu. Hata rangi ya pazia alishachagua.

Lakini kodi nne, jamani! Tamaa ikamwambia: toa moja, vuna nne. Akanunua mabati, mbao na misumari, akaleta maseremala. Sanatu, aliyekuwa amejistiri kwa jirani Dede, muuza kenke, yale madonge ya unga wa mahindi uliochachuka, alikuja kila siku kukagua.

"Ebo, bati lile limepinda."

"Litanyooshwa, mama."

"Na choo hakina mlango? Wifi yangu ana haya!"

Ebo akatia mlango. Wapita njia wakamwombea baraka, naye akawapungia mkono. Alianza kuipenda ile nyumba, maskini.

Ndugu wakafika na mikeka yao, wakaketi uani. Ebo alivaa shati lililopigwa pasi.

"Haya, paa hilo! Nani aanze kutoa?"

Kabla hawajamjibu, Dede akaingia na beseni la kenke. "Mwenye nyumba, hongera! Miaka yote chini ya turubai, leo Mungu kakuona!"

Ebo akageuka kumtafuta mwenye nyumba. Nyuma yake hapakuwa na mtu. Dede alikuwa anamkumbatia Sanatu.

"Mama! Umeniibia!"

"Nimekuibia nini? Nimetoka kumzika kaka yangu, nakuta kijana ananipangisha kuta nilizojenga kwa kubeba mizigo sokoni. Nikasema, huyu ana uchungu na nyumba, acha aimalizie."

"Nakwenda polisi!"

"Twende wote. Utawaambia ulikuwa unaezeka nyumba ya nani?"

Mvua ikaanza, wote wakakimbilia ndani, Ebo akabaki barazani akisikiliza mabati. Hakukuvuja hata tone. Alitamani kulia.

Sanatu akamletea kenke na samaki wa kukaanga.

"Kula, mwanangu. Chumba cha nyuma hakina mtu. Ukitaka nakupa wewe. Kodi ya miaka miwili, mapema."

Ebo akatazama juu, bati kwa bati.

"Nilikuwa nayo, mama," akasema. "Wallahi, nilikuwa nayo yote."