Malalamiko Juu ya Mashini Inayosinzia Tukilalamika

Kwartie Tujenge, komini ya Manika, Kolwezi
Jumamosi, tarehe 9 Novemba 2019

Kwa Bwana Mkurugenzi,
Ofisi ya Ujirani Mwema ya Kampuni ya Mgodi

Bwana Mkurugenzi mheshimiwa,

Mimi ni Mwenze Nkulu, katibu wa komite ya wenye nyumba wa Tujenge, kwartie ambayo kampuni yenu imegundua kwamba imekalia shaba yenu na hivyo lazima ihame. Sisi miaka yote tulidhani shaba ndiyo imelala chini yetu, lakini sasa tumeelimishwa. Ninakuandikia kwa unyenyekevu mkubwa, kwa kalamu na karatasi, na sababu ya kutumia kalamu utaiona hapa chini.

Mwezi uliopita Madame Tatiana wa ofisi yako alituletea kompyuta ya kukunja, mpya kabisa, akapigwa picha nayo mbele ya kanisa. Akatuambia: "Hii ni ya komite. Mutaandika mule bitu byote byenye binabaumiza roho, siye tutasoma." Tulipiga makofi. Kuna hata waliopiga vigelegele. Tangu siku hiyo yamekusanyika haya yafuatayo, nami nayapanga kwa namba ili usichoke kusoma.

1. Mashini inasinzia. Nikifungua programu ya kuandikia, kabla sijamaliza neno "Mheshimiwa" kioo kinafifia kama macho ya mtu aliyeshiba bukari. Herufi ninayobonyeza inafika kwa kuchelewa, moja moja. Nikiinua mkono kidogo nitafute neno la adabu, na ninyi mnakula adabu nyingi, kila kitu kinazimika, nabaki kujitazama uso wangu kwenye kioo cheusi. Lakini nikifungua ile filamu mliyotuwekea humo, inayoitwa "Maisha Mapya", yenye nyumba za bati la bluu na watoto wanaokimbia kwenye majani, loo! Kioo kinawaka kama saa sita mchana, feni inanguruma, na sauti inasikika mpaka kwa fundi wa baiskeli kule barabarani. Betri ni ileile moja. Wahenga walisema akiba haiozi, na ni kweli haiozi, kwa sababu nguvu tunazobaniwa sisi tukilalamika zinaliwa zingali mbichi na filamu yenu.

2. Nilidhani ni ugonjwa. Nikapanda taxi-moto nikaipeleka kwa Alimasi, fundi wa mashini pale soko la Manika. Alimasi akafungua, akatazama, akacheka mpaka akapangusa machozi. Akasema: "Tata katibu, mashini haina bubaya. Balipanga tu. Iko kaprogramu kadogo mule ndani, kanachunga. Ukifungua ya kuandika, kanaitia mu mupango ya akiba. Ukifungua filamu, kanaitia mu nguvu yote. Kenyewe, bila kuuliza mutu." Akanionyesha orodha yake: kila programu na mpango wake wa nguvu, imepangwa vizuri kama viti vya wakubwa kwenye sherehe. Ile ya hesabu, tunayotumia kupimia ukubwa wa nyumba zetu, haikupewa hata hiyo akiba. Hiyo ikifunguliwa tu, mashini nzima inapelekwa usingizini.

Alimasi alitaka kukaondoa. Mashini ikamwomba neno la siri, na neno la siri analo Madame Tatiana. Mmetupa kinywa, ulimi mkabaki nao ofisini. Nakiri kwamba ni akili kubwa, Bwana Mkurugenzi. Mtu wa kawaida akitaka watu wanyamaze huwafokea. Ninyi mnawapelekea zawadi na mpiga picha.

3. Tumegundua kwamba shefu wetu wa kwartie, tata Kabamba, naye amewekewa kitu hichohicho. Mama yangu mzazi, mama Adolphine, mjane ambaye nyumba yake ni ya kwanza pale mtaro unapoanza, akisimama mkutanoni kusema, kope za tata Kabamba zinashuka na kidevu kinatua kifuani. Jeep nyeupe ya ofisi yako ikipiga breki, hajaguswa na mtu, anasimama wima, vifungo vimefungwa, anaanza wimbo wa kuwakaribisha wageni ambao hatujui alijifunza wapi. Mama ndiye aliyetufumbua macho. Alisema mbele ya watu wote: "Na ule, balimuwekeaka kale kaprogramu." Tumemzunguka shefu kwa heshima zote kutafuta tundu la kuchomekea waya, hatukuliona. Tunaomba kujua aliwekewa na nani, na kama haiwezekani kumwondolea, basi na sisi tupewe neno lake la siri.

4. Kamba ya kupimia pia. Yule bwana mliyemtuma apime nyumba alipoingia chumba cha mama, kamba iliona haya, ikakomea kabla ya ukuta. Alipotoka nyuma uani, mahali alipookota jiwe lenye rangi ya kijani ya shaba akalitia mfukoni, kamba hiyohiyo ilinyooka ikapita ua wa jirani na kuendelea na safari. Mama alipomuuliza kwa nini chumba chake kimepungua, akamjibu: "Mama, chumba ni kidogo sababu kitanda yako ni kikubwa." Yaani mwanamke alipwe kidogo kwa kuwa analala vizuri! Tunaomba mpimaji huyo apime kaburi lake mwenyewe kwa kamba ya ndani, si ile ya uani.

5. Wale wa ng'ambo ya reli, waliotangulia kuhamishwa, walikuja kutusalimia. Wanasema huko mlikowapeleka, kwenye njia ya Tenke, bati la bluu lipo, kuta ndizo ziko safarini. Kisima nacho kipo, kimechorwa kwenye ubao. Sisi si watu wa kubishana. Kwa kuwa mahali pekee penye kuta, maji na mwanga wa kutosha ni ndani ya filamu, tunaomba mtuhamishie humo humo ndani ya filamu. Hatuko wengi, tukibanana tutaenea kwenye kioo. Watoto wetu kukimbia wanajua bila kufundishwa. Mama Adolphine apewe ile nyumba ya mkono wa kulia, pale mwanamke anapofungua bomba na kucheka, kwa maana mama ana hamu ya kujua kinachomchekesha.

6. Hapa, Bwana Mkurugenzi, naomba usigeuze ukurasa haraka. Jumatatu katapila litaanza kubomoa mstari wetu wa nyumba, na mstari wetu unaanza kwa mama. Nyumba ile aliijenga marehemu baba wakati ile kampuni kubwa ya zamani ya mgodi ilipoanguka na wafanyakazi wakabaki wanangoja mshahara ambao haukuja. Wenzake waliuza vitanda, waliuza milango. Baba alichimba udongo wa kichuguu, akafyatua matofali mwenyewe, akayachoma, na katika matofali mengine alama ya vidole vyake inaonekana mpaka leo. Mama alimbebea maji. Baba alifia humo, kwenye kile kitanda kikubwa. Sasa mama anasema hatoki mpaka aonyeshwe kwa macho yake nyumba anayopewa, yenye kuta, si ya filamu. Maneno yake nayaandika kama alivyoyasema: "Miye njo nilibebaka mayi ya ile matofali. Bakuje banibebe na miye."

Kwa hiyo ombi letu ni dogo. Kale kaprogramu mlikokaweka kwenye mashini ndogo, kawekeni kwenye mashini kubwa. Katapila likikaribia ukuta ambao nyuma yake kuna mtu anapumua, liingie lenyewe katika mpango wa akiba: taa zififie, mkono ushuke, lizimike. Ikiwa mashini ndogo inatambua kwamba nalalamika kabla sijamaliza neno la kwanza, kubwa haiwezi kushindwa kumtambua mwanamke aliyeketi mlangoni kwake. Namjua mama. Hatatoka. Naogopa, Bwana Mkurugenzi, na sitaki kulificha hilo.

Nakuaga nikiomba barua hii uisome ukiwa katika nguvu yote. Tusalimie Madame Tatiana na mpiga picha wake. Tusalimie dereva wa jeep, ambaye hupunguza mwendo penye madimbwi asituchafue, na kwa hilo anawapita wengi. Wasalimie walinzi wa geti wanaotuambia kila siku kwamba umetoka sasa hivi. Tata Kabamba anakusalimia, au angekusalimia kama angekuwa macho. Mke wangu Mado anakusalimia pia, ingawa salamu zake nimezipunguza makali.

Wako katika utii,
Mwenze Nkulu
Katibu wa Komite ya Wenye Nyumba, Tujenge

Nyongeza: Wino ulikuwa haujakauka jeep yenu iliposimama mlangoni kwangu, akashuka Madame Tatiana. Amenieleza kwamba kampuni inatafuta mtu wa hapahapa, anayejua kuandika, awe msemaji wa kazi ya kuhama, na kwamba msemaji hupewa nyumba ya kwanza kumalizika, yenye kuta pande zote, karibu na mahali ambapo kisima kitachimbwa. Nilijikuta nimesimama wima. Vifungo nilivifunga saa ngapi, sijui. Mado anasema sauti yangu ilifika mpaka kwa fundi wa baiskeli. Madame amenipa pia neno la siri la mashini. Nimefungua, nimekatazama kale kaprogramu, nikakaacha kama kalivyo, maana faida yake sasa naiona. Kwa hiyo namba moja mpaka namba tano naomba uzifute, na tata Kabamba nimekwisha kumwomba radhi.

Namba sita naomba ibaki. Nilimpelekea mama habari njema. Nikaketi naye pale mlangoni, nikamfungulia "Maisha Mapya", kioo kikawaka, feni ikanguruma. Aliitazama mpaka mwisho. Kisha akanigeukia, akauliza taratibu: "Mwenze mwanangu, na weye balikuwekeaka lini?" Niliichukua mashini nikaondoka, na yeye bado ameketi pale mlangoni, anatazama barabara. Bwana Mkurugenzi, Jumatatu ni keshokutwa.