Sarafu Nyekundu ya Shemeji

Jumatatu, 3 Machi

Daktari amesikiliza moyo wangu, akakunja uso, akaniuliza kama nimeweka mambo yangu sawa. Nikamjibu kwamba hati ya nyumba ipo na paa halivuji. Akasema hakuwa na maana ya paa. Basi nimeelewa.

Nimeomba daftari. Mtu aliyefundisha kemia miaka thelathini na mmoja hawezi kufa bila kuandika ripoti ya jaribio lake. Jaribio lenyewe ni hili. Miaka arobaini na minne iliyopita nilichukua sarafu nyeupe ya kawaida, nikaitumbukiza katika maji ya mrututu, ile chumvi ya buluu ya shaba, nikaiunganisha na betri ya tochi. Ikatoka nyekundu, inang'aa! Nikampelekea shemeji, mdogo wa mke wangu, aliyekuwa keshia wa benki na kujidai anaitambua pesa bandia kwa harufu. Nikamwambia mitambo ya kiwanda cha sarafu imekosea, imegonga chapa ya sarafu nyeupe kwenye kipande cha shaba, na duniani ziko mbili tu. Akanipa baiskeli yake. Mpya! Na pampu!

Lazima nitubu kabla sijafa. Kesho.

Jumanne, 4 Machi

Shemeji amekuja kunijulia hali. Nikafungua kinywa nitubu. Kabla sijafika popote, yeye akafungua kisanduku cha mahameli. Sarafu ile ile ndani, anatembea nayo! Akasema Ijumaa mtaalamu wa sarafu anakuja kwake kuikagua, majirani wamealikwa, viti vimekodiwa. Kisha akautazama mto wangu, akaitazama chupa ya dawa, akasema, "Pole, shemeji. Ndiyo dunia. Wengine tunaacha kitu, wengine mnaacha madaftari."

Nikafunga kinywa. Toba itasubiri hadi Ijumaa jioni. Acha kwanza aumbuke mbele ya viti vya kukodi, ndipo nimwombe radhi akiwa mnyenyekevu. Ni kwa faida ya roho yake.

Alhamisi, 6 Machi

Dhamiri imenisumbua tumboni. Au ni maharage. Mke wangu ameuliza mbona nageukageuka. Nikamwambia namwonea huruma mdogo wake. Akanigusa paji la uso kuona kama nina homa.

Daktari amenikataza ngazi. Kwa shemeji ziko tatu. Nimemweleza kwamba ngazi tatu si ngazi, ni kizingiti chenye majivuno. Hakucheka.

Ijumaa, 7 Machi

Nimebebwa juu ya kiti hadi kwa shemeji, seremala upande mmoja, kinyozi upande wa pili. Watu wakasimama. Walidhani nimekuja kuwaaga. Nikawaacha wadhani hivyo, maana walinipa nafasi ya mbele.

Mtaalamu ni mama mwembamba, kioo cha kukuzia kinaning'inia shingoni. Akaweka sarafu kwenye mizani. Uzito wa kawaida. Akaleta sumaku. Ikang'ang'ania! Akasema shaba haivutwi na sumaku. Hii imevikwa rangi tu na mtu mwenye betri na muda wa kupoteza. Shemeji akanywea, koti likabaki kubwa. Lo, utamu! Moyo wangu ukadunda hadi nikaogopa nitakufa kabla hajalia.

Kisha yule mama akaigeuza. Akaigeuza tena. Akaomba dirisha lifunguliwe zaidi. Akasema rangi ni upuuzi, lakini picha ya upande wa pili imesimama kichwa chini, wakati nyingine zote za toleo lile zimesimama wima. Hilo ndilo kosa la kiwanda! La kweli! Hata ilivyoharibiwa, bei yake ni pikipiki mpya. Isingeguswa, ingekuwa gari. Akauliza ni mpumbavu gani aliyeipaka.

Watu wakatikisa vichwa kumsikitikia mpumbavu huyo. Na mimi nikatikisa changu.

Jumapili, 9 Machi

Siku mbili nimefikiri, na nimegundua uzuri wa toba. Biashara ya udanganyifu ni batili! Nikikiri kwamba nilimlaghai, kila mtu anarudishiwa chake. Yeye baiskeli (iko kwenye banda la kuku, sehemu yake kubwa). Mimi sarafu. Nani alisema ukweli haulipi?

Nikamwita shemeji, mke wangu akawa shahidi. Nikakiri mrututu, nikakiri betri. Nikalia kiasi. Shemeji akanishika mkono akasema amenisamehe kwa moyo mmoja, na baiskeli ameniachia. Yaliyopita si ndwele. Akarudisha kisanduku mfukoni!

Nikamsihi asifanye haraka kusamehe. Akasirike kwanza. Adai haki yake. Akasema hagombani na mtu aliyebakiza siku za kuhesabu. Akakataa katakata kukasirika! Ukaidi wa namna hii sijauona.

Ikanibidi nikiri zaidi. Nikasema sarafu haikuwa yangu hata kidogo, niliichomoa kwenye pochi ya mke wangu asubuhi ile, na mwizi hana cha kuuza. Ni kweli tupu. Nilipiga hesabu kwamba ikirudi chumbani kwetu, ni kama imerudi mfukoni mwangu.

Mke wangu akasema anaikumbuka siku ile. Ilikuwa nauli yake. Alitembea kutoka sokoni hadi nyumbani, kapu kichwani, mimba ya miezi minane, na njia nzima alijilaumu kwa kuipoteza.

Nikavuta blanketi hadi kidevuni.

Mke wangu akamnyooshea shemeji kiganja. Shemeji akampa sarafu bila ubishi. Huyo ni dada yake mkubwa. Kisha akanimiminia dawa kama kila siku, asimwage tone. Nikamwuliza kama amenisamehe. Akasema, "Kunywa kwanza."

Jumatatu, 10 Machi

Asubuhi mke wangu amekaa ukingoni mwa kitanda. Amesema amenisamehe, nauli ile na mengine ambayo sijayakiri lakini anayajua. Nikalia, safari hii bila kupanga. Nimetakasika. Niko tayari kwenda.

Isipokuwa jambo moja. Nimemwuliza sarafu itakuwa ya nani baada yake. Kwa utaratibu tu. Mume naye humrithi mke. Mimi nina miaka themanini na mitatu, yeye sabini na minne, ana afya ya nyumbu. Si rahisi. Lakini haijakatazwa.

Nimemwita daktari nikamwomba dawa iliyo kali zaidi. Ameshangaa nilivyopata ghafla hamu ya kuishi.

Alasiri mke wangu amekohoa. Mara moja tu. Nimeandika saa.