Kisanduku Kinachopepesa Njano

Jumatatu, 3 Machi

Siku ya kwanza kazini. Kazi! Mimi!

Mambo yenyewe ni haya. Nimemaliza shule, matokeo ya kawaida tu, na shangazi anataka msaidizi saluni kwake. Saluni ya shangazi ina viti sita, vioo sita na midomo isiyohesabika. Msaidizi hupokea wateja, huwasifu, huwauliza hali za mashemeji zao. Mimi nikiulizwa jina langu mbele ya watu wawili, nalisahau. Mama akaniombea nafasi ofisi ya maji, wiki moja ya majaribio. Nikifaulu, nabaki. Nikishindwa, Jumatatu ijayo navaa aproni.

Sitashindwa.

Kazi ni kupita mitaani na kuonyesha kwenye ramani zilipo koki za mabomba, zile zenye vifuniko vya chuma barabarani. Nimepewa kisanduku cheusi, ukubwa wa kipande cha sabuni. Kinasikiliza setilaiti huko juu, kisha kinaiambia simu yangu tulipo. Bila waya! Taa ikipepesa njano, bado kinatafuta. Ikiwa kijani, kimepata. Bosi wetu, ambaye ofisi nzima inamwita Mama Ramani, alieleza mara moja tu: simama juu ya koki, peupe, tulia, ngoja kijani. Nikaitikia ndiyo mama kwa sauti ambayo hata mimi sikuisikia.

Simama peupe! Katikati ya barabara, mtaa mzima ukinikodolea macho!

Nikajibanza kwenye baraza la duka la vifaa vya ujenzi. Koki ilikuwa hatua chache tu mbele yangu, na hatua chache ni nini kwa chombo kinachosikia mpaka mbinguni? Njano. Njano. Njano. Mwenye duka akaniuliza kama nasubiri mtu. Nikasema hapana. Akaniuliza kama nataka misumari. Nikanunua misumari.

Koki mbili kwa siku nzima. Mwenzangu wa majaribio, kijana waliyempa jina la Kasuku kwa sababu hafungi mdomo, alimaliza mtaa wake wote na jioni nikamkuta akipiga soga na mlinzi getini. Nafasi ni moja. Alinipungia mkono, akaniita dada mkubwa. Mnafiki.

Nimetafakari njia nzima na jibu nimelipata. Kisanduku chake kizima. Changu kibovu.

Jumanne, 4 Machi

Visanduku vinafanana kama mapacha, ila changu kina utepe mwekundu na chake wa bluu. Leo nilifika ofisini kabla ya mfagizi. Nikabandua huku, nikabandika kule. Moyo ulinidunda kama wa mwizi, ingawa si wizi, maana vyote viwili ni mali ya ofisi. Nimelirudia hilo mara nyingi nikiwa barabarani na bado sijaridhika nalo.

Matokeo: kisanduku chake, yaani changu, kilipepesa njano asubuhi nzima. Changu, yaani chake, kilimtii kama mtoto wa shule!

Nikamfuata kwa mbali na kumchungulia nyuma ya tangi la maji. Kasimama katikati ya njia panda, jua la utosi, kisanduku kakiweka juu ya kofia, anabishana na muuza nyama kuhusu mpira. Hakigusi. Hakitazami. Anacheka tu, papo hapo aliposimama. Taa inageuka kijani, anabonyeza simu, anahamia koki nyingine kubishana na mtu mwingine. Kumbe dunia hii uvivu unalipwa!

Jioni nilijikaza, nikamuuliza Mama Ramani kwa nini kinachelewa. Akasema kikilala muda mrefu kinasahau setilaiti ziko upande gani wa anga, kwa hiyo kikiamka lazima kianze upya. Nimekielewa. Mimi mwenyewe ukiniamsha ghafla ukaniuliza niko wapi, sikujibu mpaka ninawe uso. Akasema pia setilaiti hazimtafuti mtu. Zinapita tu zikitaja saa na mahali zilipo, kwa yeyote anayesikiliza.

Nimekaa dirishani nikiliwaza hilo. Huko juu kuna sauti inayotaja ilipo, mchana na usiku, bila kuona haya hata kidogo. Ningekuwa mimi ningenong'ona.

Na hapo ndipo nikaelewa! Kisanduku kina haya kama mimi. Watoto wakikizunguka na kuuliza kama ni redio, kinachanganyikiwa. Kinahitaji faragha.

Jumatano, 5 Machi

Sufuria ya mama, ile ya wastani, na mfuniko wake. Kisanduku ndani, kimelala juu ya kitambaa. Sufuria mkononi, simu mkono wa pili. Uzuri wa kutokuwa na waya! Msichana mwenye simu hashangazi mtu. Msichana mwenye sufuria naye hashangazi mtu. Nilipita mtaani kama upepo, na ili nisipoteze muda nikawa natembea huku kikitafuta.

Sikujua kwamba msichana mwenye sufuria anaonekana muuzaji. Waashi watatu kwenye jengo wakanisimamisha, wakaniuliza leo kuna nini. Nikasema hakuna kitu. Mmoja akasema basi nimpe chochote cha shilingi yoyote, njaa haichagui. Mwenzake akasema huyu binti anawaficha, ana wateja wake. Nikakimbia. Wakanifuata kwa kicheko mpaka kona, wakiniita mama lishe mwenye maringo.

Simu haikuona setilaiti hata moja. Hata jana iliona mbilimbili!

Nikarudi ofisini kuripoti kwamba kisanduku kimekufa. Mama Ramani akafunua sufuria. Akaangalia ndani kwa muda. Akaniuliza taratibu kama nilikuwa nakichemsha. Kasuku alitoka nje, nikamsikia akikohoa sana, kikohozi cha mtu asiyeumwa. Mama Ramani akasema mwanangu, chuma hakipitishi sauti za juu, na hata ungekiweka kwenye kikapu, kutembeatembea nako kunakichelewesha. Nikaitikia ndiyo mama.

Nyumbani mama alitaka kujua sufuria yake ilikwenda wapi. Nikamwambia kazini. Alinitazama kwa huruma, na huruma ya mama inauma kuliko kelele zake.

Alhamisi, 6 Machi

Nilikuwa na akili leo. Akili nyingi mno, ndiyo ilikuwa shida.

Alfajiri, watu wakiwa bado vitandani, nilisimama katikati ya uwanja wa shule. Peke yangu. Hakuna hata mbuzi. Kijani! Kilikuja chenyewe, bila kubembelezwa. Nilikaa nikiitazama ile taa na uwanja ule mtupu, anga likianza kupauka, na kwa mara ya kwanza wiki hii nikahisi nipo mahali.

Kisha nikakizima, nikaanza hila. Kama najua uwanja ulipo, kisanduku cha nini tena? Nitahesabu hatua kutoka hapo mpaka kila koki na kuiweka kwenye ramani kwa kidole. Nilihesabu vizuri kabisa mpaka mama mmoja mwenye ndoo aliponisalimu. Nikaitikia. Hesabu ikaruka. Kurudi uwanjani kuanza upya mbele yake kungekuwa aibu, kwa hiyo nikakadiria. Baadaye mzee wa baiskeli akanisalimu. Nikakadiria tena. Mtaa ule una adabu sana.

Adhuhuri nikawa nimemaliza koki zote. Mama Ramani akanipa hongera! Kasuku akanipigia makofi! Nikaenda kunywa maji kwa madaha.

Alasiri bomba likapasuka mtaa uleule. Fundi bomba akachukua sururu, akafuata ramani yangu kwenda kufunga koki. Ramani ikampeleka mpaka chumbani kwa fundi cherehani, ambaye alikuwa amejinyoosha akipumzika. Akamuuliza tangu lini maji ya serikali yanapita chini ya mto wake. Fundi bomba akamwonyesha simu. Yeye akamwonyesha ufagio. Huku nyuma maji yanamwagika, na nyumba za mtaa mzima hazikupata tone mpaka jioni. Yule mama mwenye ndoo pia.

Mama Ramani hakunifokea. Afadhali angefoka. Alisema, mwanangu, unakikimbiza kisanduku kama kuku. Kipe uwazi, kipe utulivu, kitajua kilipo. Hakikuombi akili. Kesho nimepewa mtaa mmoja wa mwisho, peke yangu, kila koki palepale ilipo. Nikishindwa, atampigia shangazi yeye mwenyewe.

Shangazi ametuma ujumbe kuuliza kipimo changu cha kiuno. Ni cha aproni.

Ijumaa, 7 Machi

Sikula asubuhi. Koki ya kwanza ilikuwa katikati ya kiwanja, nyumba zimekizunguka, madirisha pande zote. Hakuna baraza. Hakuna tangi. Nimetazama kila upande, hakuna pa kujificha. Nikasimama. Masikio yakapata moto.

Bibi mmoja akatoka nyumba ya mbele na kigoda mkononi. Akaniuliza mjukuu wangu, hiyo miguu umeazima kwa nani hata huihurumii? Kaa. Mkubwa akikwambia kaa, unakaa. Nikakaa pale katikati ya uwazi, kisanduku magotini, naye akaketi juu ya jiwe kunieleza habari za mkwe wake. Mkwe huyo anafua nguo nyeupe pamoja na nyekundu. Anamjibu bibi akiwa ameinamia simu. Na juzi kasema uji wa bibi ni mzito! Bibi akaniuliza mimi naonaje. Nikasema uji mwepesi ni maji ya moto tu. Bibi akapiga kofi pajani, akasema kumbe vijana wenye akili bado wapo!

Nilipokitazama kisanduku, kilikuwa kijani. Sijui tangu lini.

Nikanyanyuka, nikamshukuru. Akasema tunakwenda wapi? Kisa hakijafika hata nusu. Akakibeba kigoda mwenyewe, tukatoka koki hadi koki, mimi nimekaa, yeye anasimulia. Kijani. Kijani. Kijani. Watu walipita na kutusalimu. Nadhani walinitazama. Nadhani nilizungumza sana. Nimeligundua hilo sasa hivi ninapoandika, na nimeshangaa.

Mtaa mzima umekwisha kabla ofisi haijafungwa. Mkwe bado hajaachwa, lakini anachungulia shimo.

Jumamosi, 8 Machi

Nimepata!

Mama Ramani alikagua ramani. Kila koki imo barabarani, hakuna hata moja iliyolala kitandani kwa mtu. Kazi ni yangu. Kasuku anakwenda dirisha la malalamiko, na kumbe aliliomba mwenyewe tangu Jumanne. Anasema kutembea juani kunamkausha koo na koo ndiyo mtaji wake. Alinishika mkono, akasema dada mkubwa, mtaa ni wako. Nikajisikia mdogo. Wiki nzima nimepigana na mtu ambaye hakujua kama kuna vita. Nilitaka kumwambia kuhusu ule utepe. Nikamwambia kwaheri.

Aproni ataivaa binamu yangu. Mama alicheka mpaka akafuta machozi, akaiweka sufuria yake juu kabisa ya kabati.

Wakati wa kuondoka Mama Ramani aliniuliza nimejifunza nini. Nikasema nimejifunza, mama. Akaridhika, na mimi pia, maana ni kweli. Nimelifikiria jambo hili kwa makini, bila papara. Siku nne bila kigoda: njano, ukiacha alfajiri moja ya bahati. Siku moja na kigoda: kijani. Haihitaji shahada. Wiki nzima wananiambia peupe, utulivu, peupe, utulivu, na hakuna aliyetaja kigoda!

Mchana huu nimenunua changu, kizuri, cha mbao. Jumatatu nimepangiwa mtaa wa sokoni, wenye watu kama siafu. Sina wasiwasi hata kidogo. Nimeshapita kupakagua. Kati ya maghala mawili pana uchochoro mwembamba, umefunikwa bati juu, hata jua halifiki. Nitakiweka kigoda humo, nitakaa raha mustarehe na kisanduku magotini. Hakuna atakayeniona.

Hakuna kabisa.