Neno la Kuzimia Programu

Jumatatu, 9 Juni

Bosi katangaza. Alhamisi, kwenye mkutano wa kompyuta za makampuni, tutaonyesha majaribio mawili: langu na la Bwana Tai (haivui tai hata tukihamisha meza). Atakayeshinda atafanyia kazi nyumbani siku tatu kwa wiki. Siku tatu! Binti yangu ana miezi kumi na minne na juzi kamwita yaya "mama". Sikulia. Nililia kidogo tu, chooni.

Programu yangu ni ya watu wa ghala. Mikono imebeba maboksi, unaiamrisha kwa mdomo. Niliibuni nikiwa na mtoto kiunoni, sina kidole cha kubonyeza chochote. Ukisema "fungua", inafungua. "Hesabu", inahesabu. "Basi", inazimika. Neno fupi, halikosewi. Najipongeza.

Jumanne, 10 Juni

Mazoezi. Bwana Tai akapita, akaniuliza kwa sauti ya asali kama bado nanyonyesha au nimeshaanza kazi. Nikamjibu nafanya vyote viwili, yeye hata kimoja kinamshinda. Akasema basi, yaishe, shemeji. Programu ikazimika! Nikaiwasha. Bosi akachungulia: basi, tunaendeleaje? Ikazimika! Watu hawa hawana neno lingine?

Kubadilisha neno ni kuifundisha programu upya, kazi ya wiki nzima. Bora nibadilishe watu.

Jumatano, 11 Juni

Nimebandika karatasi ukumbini: KWA HESHIMA, USITAMKE "BASI". Fundi mitambo akauliza kama ni mambo ya dini. Nikasema ndiyo. Mshereheshaji nimemweleza taratibu, kama ninavyomweleza binti yangu kuhusu jiko la moto. Akasema basi dada, usijali. Nikamweleza upya.

Halafu makofi. Mama mkwe atakuja na mtoto, atakaa katikati. Nimemwagiza apige makofi kila nikinyamaza. Hapo Bwana Tai hachomoki!

Alhamisi, 12 Juni

Bwana Tai alitangulia. Picha zake zikakwama dakika nzima. Raha iliyoje!

Zamu yangu. Mshereheshaji akanikaribisha kwa "kwa hiyo" nne mfululizo, jasho linamtiririka. Muungwana. "Fungua." Ikafungua. "Hesabu." Ikahesabu maboksi yote. Ukumbi kimya. Nikanyamaza.

Mama mkwe, mtu wa ahadi, akapiga makofi peke yake, kama anafukuza kuku. Mtoto akashtuka, akaangua kilio. Bibi akambembeleza: basi mama, basi, basi. Nikawasha. Basi, bibi yupo. Nikawasha. Basi. Mara saba!

Nikashuka, nikamchukua mwanangu, nikapanda naye jukwaani. Akatulia papo hapo, kichwa begani. Nikawasha. Safi kabisa. Maboksi yote kwenye skrini. Machozi bado yanamning'inia shavuni. Nikamfuta. Neno likanitoka lenyewe: basi, mwanangu.

Walicheka mpaka wa safu ya nyuma wakasimama.

Ijumaa, 13 Juni

Bwana Tai kashinda. Atakaa nyumbani siku tatu, na hana hata paka.

Bosi kasema wazo langu zuri, neno ndilo bovu. Nikilibadilisha, mwezi ujao nijaribu tena. Nimelipata kabla ya chai. Fupi, tamu, haliwezi kumponyoka mtu: "haya". Nimempelekea mezani kwake. Akashusha pumzi, akasema haya.

Kakubali mara moja!