Kadi ya Fundi Saa

Jumatano, 11 Februari
Mjukuu wangu, huna akili! Miaka miwili unampenda fundi saa wa mtaa wa pili, na kila ukimwona unaangalia viatu vyako. Vimeandikwa nini hivyo viatu? Jirani yetu ameshamtuma binti yake kwa fundi mara tatu, na saa ile ile. Na saa yenyewe haina ubovu wowote!

Nimemwambia hayo mezani. Akajibu kwamba Jumamosi ni Siku ya Wapendanao, huenda fundi akasema neno. Nikauliza siku hiyo imetoka wapi. Ati inasimuliwa kulikuwa na padri, akiwafungisha ndoa askari kwa siri, mfalme akaamuru akatwe kichwa. Mtu kakatwa kichwa, ninyi mnanunua chokoleti! Wasomi hawa.

Alhamisi, 12
Ila desturi moja nimeipenda. Unatuma kadi bila jina, mwenzako abahatishe mwenyewe. Kazi ya wajanja. Yaani yangu.

Nimepata yenye moyo mwekundu, mkubwa kama sahani. Nimeandika: Nakupenda. Mlango wetu una kengele. Bonyeza. Shule niliishia darasa la pili, lakini nani mwenye digrii angeandika vizuri hivyo? Nimeificha chini ya mto wangu, mjukuu asiione.

Ijumaa, 13
Nimeipenyeza chini ya mlango wa kibanda cha fundi. Jirani akaniuliza naenda wapi na magoti mabovu. Nikamwambia napeleka saa kutengenezwa, naona ndiyo mtindo. Akarudi ndani kwake. Siku njema sana.

Jumamosi, 14
Kengele imelia saa nne. Fundi! Shati limepigwa pasi, ua moja mkononi. Nikamwita mjukuu. Fundi akasema hapana, amekuja kwangu.

Akakaa ukingoni mwa kiti, jasho linamtoka. Ati ananiheshimu kama bibi yake mzazi, hapendi kuniumiza, ila moyo wake uko kwingine. Mimi! Mwenye meno sita! Nikauliza nani kasema kadi ni yangu. Akasema inanuka dawa ya kuchua magoti, na mtaa huu anayejipaka ni mmoja tu. Nikamwambia pua yake ina kiburi. Akanipa ua, kunifariji, akatoka mbio.

Mjukuu alicheka mpaka akashika ukuta. Jirani alikuwa dirishani. Kufika adhuhuri, mtaa mzima ulishanipa pole ya mapenzi.

Jumapili, 15
Mjukuu hacheki tena. Analia. Fundi sasa anapita njia ya nyuma asikutane na mimi, na asipopita mlangoni kwetu, atamwona lini? Ananisihi niende nikamweleze ukweli. Niende! Jirani aseme namkimbiza kijana wa watu?

Nimefikiri kutwa. Kosa nimeliona. Mpango haukuwa na kasoro hata moja, kosa ni la dawa.

Basi wewe, futa machozi. Anika mto wangu juani. Kisha nenda dukani kabla hawajafunga, uniletee kadi nyingine na glavu za kuoshea vyombo.