Watu Kumi wa Kiwanda cha Mitumbwi

Jumatatu, 3 Machi

Ni kweli. Kiwanda cha mbao kinafungwa. Meneja alitukusanya kando ya msumeno mkubwa, akasema magogo yamekuwa adimu na bei imeanguka, kisha akapanda gari akaondoka. Tukabaki tumesimama. Hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kuvua kofia ya kazi.

Harbhajan Gill, mwenyekiti wa chama chetu cha wafanyakazi na jirani yangu, akatuomba tusitawanyike. Serikali ya jimbo inamleta afisa Alhamisi. Kila mtu aje ukumbini aeleze hali yake, basi.

Aeleze hali yake! Katika jimbo zima la British Columbia, mji gani hauna hali? Husaidiwa mwenye mpango. Mimi ninao. Bado sijaujua, lakini ninao.

Mke wangu Lorna hakugusa chakula. Aliniuliza kama nyumba bado itauzika. Nikamwambia atulie.

Jumanne, 4 Machi

Nimeupata. Ndani ya banda la gari kuna mtumbwi nilioanza kuuchonga zamani nikauacha. Afisa akiuona ataona kiwanda kinachoanza. Nimeupaka rangi upande mmoja, ule unaotazama mlango.

Lorna alikuja kutoka jiko la shule anakofanya kazi, akauliza nani atanunua mitumbwi na ziwa limeganda. Swali zuri. Nilijifanya natafuta brashi.

Sijamwambia Harbhajan. Angeniambia niache, kisha sifa zingekuwa zake.

Alhamisi, 6 Machi

Nilimvizia afisa, Bi. Fenwick, kwenye kituo cha mafuta. Nikamwambia ukumbi bado una baridi, kwa hiyo apite kwangu kwanza. Mama mpole, buti zimejaa theluji, macho yamechoka na safari.

Akaja, akautazama mtumbwi akiwa mlangoni mwa banda. Nilikusudia kusema nafikiria kuanzisha karakana. Mdomo ukasema nimeshaianzisha. Akauliza nitaajiri wangapi. Nikasema kumi. Sijui hao kumi walitoka wapi.

Akafurahi mno. Kumbe jimbo humsaidia mwajiri wa hapahapa kulipa mishahara akichukua watu waliopoteza kazi. Ukumbini alisikiliza shida za watu, halafu akasema anaona faraja kwamba mjini tayari yupo mwajiri. Akanitaja jina. Orest Halushka. Watu wakageuka, wakanipigia makofi. Hata Harbhajan alipiga, polepole.

Lorna hakupiga.

Ijumaa, 7 Machi

Redio ya mji imenitangaza. Mlangoni nimekuta keki mbili na chupa ya sharubati tamu ya utomvu wa mti.

Mchana akaja Darlene Joseph, aliyekuwa akiendesha gari la kunyanyulia magogo. Anamtunza mama yake mgonjwa peke yake. Alisema kule mji wa Prince George walimpa kazi, lakini angelazimika kumhamisha mama, na mama hataki kuiacha nyumba yake. Sasa amewapigia simu kuikataa, kwa sababu yangu. Akanikumbatia.

Nilipaswa kusema pale pale. Nilimuuliza anapenda rangi gani za mitumbwi.

Jumapili, 9 Machi

Nimefunga mkono bandeji. Mwenye mkono mbovu hawezi kuendesha karakana, kila mtu atanielewa.

Harbhajan alikuja na bakuli la dengu kutoka kwa mkewe. Aliutazama mkono, akauliza mbona asubuhi bandeji ilikuwa kwenye ule mwingine. Kisha akakaa bila kukaribishwa, jambo asilolifanya.

Alisema ofisi ya jimbo imempigia. Kulikuwa na mradi wa kusafisha msitu kuzunguka mji, kukata vichaka na matawi makavu ili moto wa kiangazi usitufikie. Kazi ya watu wa kiwandani hasa. Sasa wanauliza kama bado tunauhitaji, maana sisi tumeshapata mwajiri, na watu wa bonde jirani wanaulilia. Wanataka jibu kesho.

Nikasema asubiri kidogo, naweza kupata wateja.

"Ndugu yangu, mpaka leo wateja wangapi wameagiza?"

Nikasema mmoja.

"Nani?"

Nikasema mimi.

Hakunigombeza. Heri angenigombeza. Alisema akiwapigia simu yeye kueleza ukweli, itaonekana ugomvi wa majirani. Bora nipige mwenyewe. Nikamwambia nitafikiria. Lorna, aliyekuwa anaosha vyombo, akaniuliza ninafikiria kwa kiungo gani.

Jumatatu, 10 Machi

Wenzangu wa kiwandani walikuja kabla sijavaa soksi. Kumi kamili, na mifuko yao ya chakula cha mchana, wamepanga mstari kwenye theluji mbele ya banda. Darlene alikuwa wa kwanza.

Nilianza hotuba kuhusu ugumu wa kuanzisha biashara mwezi wa Machi. Akanikatiza.

"Mzee Orest, kazi ipo au haipo?"

Nikasema haipo. Nikasema haijawahi kuwepo.

Hakuna aliyefoka. Mmoja alitema mate. Darlene alikaa ukingoni mwa mtumbwi, ubao ukavunjika chini yake, na hakuna aliyecheka. Alisema mama alimwimbia jana alipojua hawatahama. Nilitamani ardhi inimeze na bandeji yangu.

Nikawaingiza jikoni wote, nikampigia Bi. Fenwick mbele yao. Nilimwambia karakana ni uongo, nimeusema mwenyewe, hakuna aliyenituma. Kisha akauliza, kwa sauti ya uchovu, hali halisi ya mji ikoje.

Nilikuwa na jibu refu zuri. Lorna alininyang'anya simu, akampa Darlene.

Darlene alieleza hali yake, basi. Wa pili akaeleza yake. Simu ikazunguka jikoni kote. Mimi nilichemsha kahawa.

Jumatano, 19 Machi

Siku zote hizi nimekuwa nikikwepa duka. Leo Harbhajan alikuja mwenyewe na majibu.

Mradi wa msitu ni wetu. Mishahara italipwa na jimbo, na mafunzo yatafanyika shuleni hapahapa, watu wasihame. Wazee watasaidiwa hadi wafikie pensheni. Kiwanda hakitafunguliwa. Familia kadhaa zimeshaondoka, nyumba ya mbele yetu ina giza, na Lorna huitazama kila anapofunga pazia.

Darlene ndiye msimamizi wa kikosi. Nilienda kumwomba kazi nikiwa nimeshika kofia mkononi. Aliniacha nisimame sana. Mwisho alisema nitabeba matawi, na nisizungumze na mtu yeyote mwenye gari la serikali.

Niliapa.

Ijumaa, 28 Machi

Mgongo unauma, lakini usiku nalala. Lorna amecheka mara mbili wiki hii. Darlene huniita mzee tena, bila kukunja uso.

Leo alikuwa bondeni ananoa misumeno, nami peke yangu barabarani na rundo la matawi, gari la serikali likasimama. Kijana wa idara ya utalii ya jimbo, amepotea njia. Nikamwelekeza. Ningeishia hapo. Nilikuwa nimeshageuka kabisa.

Akauliza, kwa adabu tu, kama mji wetu una kitu cha kuvutia wageni.

Nikasikia mdomo wangu unasema chemchemi za maji moto.

Amefurahi sana. Anarudi Jumanne na mpiga picha. Chemchemi hatuna. Lakini pipa kubwa la kuchemshia maji ninalo, kuni zimejaa msitu mzima, na Darlene siku hiyo atakuwa upande wa pili wa ziwa.